Vidonge Viwili Kila Jioni

Blauzi ya mwalimu ilikuwa imeshonwa vizuri, ila shingo fundi alikuwa ameiziba.

Dada yake, aliyekuwa akipiga pasi, alicheka. "Mdogo wangu, huyu mwalimu atapitishia wapi kichwa?"

"Nimeambiwa niizibe," fundi alinong'ona bila kuinua macho.

"Na nani?"

"Huyo aliyekaa nyuma yako."

Dada akageuka. Kiti kilikuwa kitupu, lakini mto wake ulikuwa umebonyea, na chumba kizima kilinuka nywele zilizoungua.

Kwa miaka sita fundi alikuwa akimeza vidonge viwili kila jioni, na sauti alizokuwa akizisikia zamani zilikuwa zimenyamaza. Vilimletea usingizi mzito tu, hata sindano ikawa inamdunga vidole. Dada ndiye aliyemwambia, "Meza kimoja. Umeshapona, daktari wa nini tena?" Baada ya wiki mbili wakakikata hicho kimoja katikati kwa mkasi wa kazi. Fundi akachangamka, akawa anaimba kutwa, na dada akajisifu moyoni.

Sasa dada alilitoa kopo la dawa, akamimina vidonge viwili kiganjani. "Meza, mpenzi. Nilikosea."

"Amekataa," fundi alisema polepole. "Anasema hivyo ndivyo vilivyomweka nje."

Dada alitaka kumshika mkono wakimbie, lakini cherehani ikaanza kwenda yenyewe, pedali ikipanda na kushuka bila mguu, sindano ikitoboa blauzi ile pale pale iliposhonwa, na harufu ikazidi kuwa nzito mpaka akahisi ulimi wake mwenyewe una ladha ya moshi, na mdogo wake akawa anaitikia, "Ndiyo, ndiyo, ndiyo," kama mtu anayepewa maagizo ya kazi.

Jirani aliyekuja kwa kelele za dada aliwapeleka hospitali kwa gari lake. Daktari alisema dawa itarudishwa, ila huenda zikapita wiki kadhaa kabla haijashika. Kisha akauliza, "Nani alimpunguzia dozi?"

Dada aliinua mkono wake taratibu.

Fundi akageuza uso juu ya mto, akatabasamu, na sauti nzito ya mwanamume, isiyo yake, ikatoka kwenye koo lake, tulivu, yenye adabu.

"Miaka sita nilikuwa mlangoni. Mama huyu ndiye aliyenifungulia."

Dada akayatazama macho yale, akimtafuta mdogo wake. Hakumwona.