Nyungu Isiyotajwa

Soko la Lyulilo lilikuwa limefurika. Mitumbwi ilisukumana ufukoni, samaki walinuka, na Angetile, binti mfinyanzi kutoka Ikombe, alikuwa akishusha mzigo wake wa vyombo vya udongo, macho chini kama kawaida yake. Kijana mmoja mwenye kanzu nyeupe akarudi nyuma bila kutazama. Paa! Chombo kimoja kikavunjika.

"Hayo ni macho au matundu?" Angetile alisema, kisha akaishtukia sauti yake mwenyewe.

"Ni macho, dada. Ila yalikuwa hayajakuona," kijana akajibu. "Ndaga, asante kwa kunitukana vizuri. Nitanunua na vigae."

Alivinunua kweli. Jina lake Sadoki, wa Mwaya, mtumishi wa mezani katika nyumba ya mawe ya Matema. Nyumba ile ilikuwa kongwe kuliko zote ufukoni. Mzungu aliyeijenga alifia humo kwa homa, na sasa Wadachi waliotawala nchi waliitumia kupumzika.

Soko lililofuata Sadoki akarudi, na lililofuata tena. Mpunga ulipovunwa, baba yake akapeleka ng'ombe wa uchumba Ikombe.

Hapo taabu ikaanza, ingawa mwanzoni ilikuwa kichekesho. Baba yake Sadoki aliitwa Nyungu. Na kwa desturi yao mkwe wa kike, tangu ng'ombe wapokelewe, hamtazami baba mkwe usoni wala hatamki jina lake, hata kama ni jina la kitu cha jikoni. Basi Angetile mfinyanzi akawa hawezi kutaja nyungu.

"Unauza nini, dada?" wanawake walimchokoza sokoni.

"Vya udongo. Vya kupikia."

"Havina jina?"

"Wanalo huko Mwaya. Kaulizeni!"

Wakaangua kicheko. Sadoki naye alicheka. "Kipenzi changu, umeacha kazi ya mama yako kwa ajili yangu?"

"Kazi sijaacha. Nimeacha neno. Wewe umeacha nini kwa ajili yangu?"

Sadoki aliendelea kucheka tu.

Kiangazi kile alikuja Bibi mmoja Mfaransa, mke wa Mdachi mwenye shamba, kupumzika pale Matema. Aliipenda nyumba ile, na kuta zake nene, ngazi za mawe na madirisha ya mbao ya kijani. Alisema ilifanana na nyumba ya wazee wake kwao Ufaransa. Akataka chombo kikubwa cha kupandia maua, kama walivyofanya kwao. Sadoki akamwita Angetile, naye akaja na kaniki mpya na shanga nyekundu shingoni, chombo kichwani.

"Hiki jina gani?" Bibi aliuliza kwa Kiswahili cha kujifunza, akikigonga kwa kidole chenye pete.

Angetile akainamisha uso.

"Chombo, Bibi," Sadoki akadakia.

"Si wewe. Yeye seme. Au bubu?"

Wageni wengine wakacheka. Sadoki alihisi jasho likimtoka ndani ya kanzu. Akamwinamia mchumba wake.

"Sema tu, kipenzi. Baba yuko Mwaya. Hapa ni kwa Wazungu."

"Sadoki, usinitume hivyo."

"Neno moja tu. Utaniaibisha mbele ya Bibi."

Angetile akamtazama. Alimpenda. "Nyungu," akasema.

Nje ya dirisha la kijani, mkungu wa ndizi ulianguka chini kwa kishindo. Mzee Nyungu alikuwa amefika wakati ule ule kumletea mwanawe ndizi.

"Nani ananiita?"

Angetile akajifunika uso wote kwa kaniki.

"Mkwe wangu ananitaja kama anaita mbwa, mbele ya Wazungu!" mzee alisema. "Sadoki, nani kamfundisha haya?"

Ndani ya giza la nguo yake Angetile alisubiri. Jibu moja la kweli lingetosha.

"Sijui, baba," Sadoki akasema.

Ng'ombe walirudishwa Mwaya. Angetile akaendelea kuuza "vya udongo", ingawa hakuwa tena mkwe wa mtu. Wanawake hawakumchokoza tena.

Mvua zilipoanza, Sadoki akatokea Lyulilo.

"Ugonile, kipenzi," akamsalimu.

Angetile aliendelea kufunga vyombo vyake kwa majani.

"Baba amelainika. Mama yako alete kuku wa kuomba radhi, yaishe. Ng'ombe watarudi."

"Radhi ya nini?"

"Ya lile neno."

"Umemwambia aliyenituma kulisema?"

Sadoki akageukia ziwa. "Unamjua baba. Mimi mwanawe atanilaani. Wewe ni mkwe tu, atakusamehe upesi."

Angetile alisimama. Kisha yule binti wa macho chini akapaza sauti mpaka wapiga makasia wakageuka.

"Nyungu! Nyungu za kupikia! Njooni, nyungu za Ikombe!"

"Angetile, nyamaza, watu wanasikia."

"Nyungu!"

Sadoki akageuka, akaondoka.

Mama mmoja akasogea na kikapu cha mpunga. Angetile aliupima ule mpunga wa malipo huku machozi yakimtiririka, akampa nyungu yake, akaita tena.