Nusu ya Tembe ya Idarous

Mume wangu Idarous hawezi kula peke yake. Mpe chapati, ataikata katikati ampe aliye karibu. Nilimpendea roho hiyo, mpaka ilipokaribia kuniacha mjane.

Mwaka wa 1997 alipata mshtuko wa moyo. Alianguka dukani kwetu Kamenu, akapona kwa shida. Daktari akamwandikia tembe ya miligramu arobaini kila jioni, ya kupunguza mafuta kwenye damu.

Rafiki yake Zacharia akaja kutoka Ruiru kumjulia hali. Yeye pia alimeza dawa hiyo, lakini ya miligramu kumi.

"Arobaini? Hiyo si ya ng'ombe?" Zacharia akacheka.

Nilikuwa jikoni, sikuona walichofanya. Idarous alichukua wembe, akakata tembe zake zote. Nusu zikaenda Ruiru, Zacharia akawa anazimeza badala ya zake.

Mwezi uliofuata Zacharia alirudi akichechemea.

"Mama Zahra, mapaja yananiuma. Hata ngazi zinanishinda."

Jirani yetu Nelima, ambaye ni muuguzi, alikuwa akinywa chai kwetu.

"Unameza dawa gani?" akamuuliza.

Wanaume wakatazamana kama watoto waliovunja kikombe. Kisha wakasema yote.

"Baba Zahra," Nelima akasema kwa upole, "mshipa wa moyo wako uliziba. Mafuta yakizidi, mshipa unaweza kuziba tena. Ndiyo maana ukapewa kipimo kikubwa. Zacharia hajapata mshtuko. Daktari wake aliona kumi zinamtosha. Dawa ikizidi, inaweza kuumiza misuli."

"Lakini mimi najisikia mzima," Idarous akasema.

"Mafuta ya damu hayaumi. Daktari huyajua kwa kupima damu. Dawa ikikusumbua, mwambie yeye. Usiikate, usiigawe."

Nilikumbuka Idarous alivyolala sakafuni dukani, midomo imekauka. Nikalia mbele yao.

"Ulikuwa unagawa uhai wako," nikamwambia, "na hata hukuniuliza."

Kesho yake kila mmoja alikwenda kwa daktari wake. Zacharia akarudia kumi zake, na maumivu yakaisha. Idarous akarudia tembe nzima. Alipopimwa tena damu, mafuta yalikuwa yameshuka. Siku hiyo nililala usingizi.

Zacharia bado hututembelea. Chapati bado hukatwa katikati. Jioni moja Idarous alipotoa tembe yake, Zacharia akanyoosha mkono kwa mzaha.

Idarous akaimeza nzima, akanitazama.

"Hii si yangu kugawa," akasema. "Hii ni ya Mama Zahra."