Macho Meupe ndani ya Beseni

Kila asubuhi kabla ya shule, Kokuhirwa alipitia kibanda cha baba yake, Projestus, aliyekuwa akitotolesha vifaranga vya kambare kijijini kwao Muleba. Kazi yake ilikuwa kuchungulia mayai na kuosha vyombo. Kwa kuchungulia hakuwa na mpinzani. Kwa kuosha, hata paka alimshinda.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka migombani, na kibandani palikuwa kimya mno. Koku akafunua beseni jipya. Mamia ya macho meupe yalimtazama. Akafunua la pili: macho. La tatu: macho. Mayai yote yalikuwa yamekufa. Ni kwenye beseni kuukuu tu ambamo vifaranga vilichezacheza.

"Mawe!" alipiga kelele kwa Kihaya, kama amwitaye mama.

Baba alikuja mbio. "Jana jirani yetu Bibi Georgina alisimama hapo mlangoni akayasifu mayai," alinong'ona. "Yule ana jicho baya."

Kufika mchana, kisimani kina mama walikuwa wakivuta ndoo zao mbali na ya Bibi Georgina. Ajuza huyo, aliyezoea kumtania Koku kwa kumwita "mke mwenzangu", alimpita bila neno. Koku akahisi macho yale meupe yakimfuata mgongoni.

Jioni Koku aliisogeza kando sahani yake ya ndizi. "Tata," alimwambia baba yake, "uliniambia niloweke mabeseni mapya siku tatu. Nilikwenda kucheza rede. Nikakudanganya kwamba nimeloweka."

Shangazi Elieth, aliyekuja likizo kutoka Mwanza, alinusa beseni moja, akakunja pua. "Hebu tujaribu."

Wakaloweka beseni moja siku tatu, wakibadilisha maji. Jingine wakaliacha na harufu yake. Kisha wakatia mayai mapya kote kuwili. Baada ya siku mbili, la kwanza lilijaa vifaranga. La pili liliwatazama tu, jeupe.

"Maabara ninayofanyia kazi hutungisha mayai chomboni kwa watu wanaotafuta mtoto," shangazi alisema. "Plastiki mpya huweza kutoa sumu usiyoiona. Kwa hiyo chombo huachwa kitoe harufu, huoshwa, hujaribiwa, ndipo kiguse yai. Yai halina mdomo, Koku. Mwosha chombo ndiye mdomo wake. Akidanganya, yai linakufa, na asiye na kosa anaitwa mchawi."

Projestus alikwenda mwenyewe kuomba radhi. Bibi Georgina akaja, akachungulia beseni, kisha akajiziba mdomo kwa khanga.

"Sifu tu, mke mwenzangu," Koku alimwambia. "Safari hii nimeloweka."