Inua Pembe, Boas

Pikipiki ya theluji iliparamia tuta la barafu, Boas akarushwa mbele na kuangukia mtaimbo wake mwenyewe. Wawindaji wa Nain, mji wao wa pwani ya kaskazini penye barafu, hufunga mtaimbo wa kupimia barafu kwenye pikipiki ncha ikitazama nyuma. Yeye aliufunga ncha mbele, ati auchomoe upesi. Haraka zake hizo!

Tundu lilikuwa dogo, chini ya kwapa, ila kila alipovuta pumzi lilifyonza hewa. Chuma kilikuwa kimetoboa utando unaozunguka pafu.

"Usiongee," dada yake Hulda, aliyekuwa amepanda nyuma yake, alimwambia. Alikata kipande cha ngozi ya sili waliyemuua asubuhi, akakibandika juu ya tundu kwa upande wa mafuta, akakikaza kwa kamba pande zote.

Boas alipata nafuu kidogo. Kisha midomo ikawa ya buluu, mishipa ya shingo ikatutumka.

"Dada, nakufa."

"Ukafie kwako, si hapa," Hulda alijibu. Aligonga kifua kilichovimba, kikalia kama zile ngozi za sili wanazozijaza upepo na kuzifunga kwenye chusa zielee. Akaelewa. Hewa ilikuwa ikiingia, haina pa kutokea. Akainua pembe moja ya ngozi. Hewa ikatoka kwa mluzi, na Boas akapumua.

"Pumzi ikibana, inua. Ikitulia, rudisha. Na usilale, unanisikia?"

Pikipiki ilikuwa imevunjika. Redio ya upepo, ambayo watu wa Nain hupigia soga kila jioni, ilizinasa sauti za mjini, lakini yao haikufika huko. Hulda alimsimikia hema, akamwachia redio, akachukua mtaimbo, akaondoka kwa miguu kuelekea mjini akigonga barafu mbele yake.

Upweke ukamshukia Boas. Tangu mkewe afariki alikuwa akiizima redio kila jioni, akichukia umbea. Sasa aliung'ang'ania. Mtu aliulizia buti lake lililopotea. Mwanamke alimcheka mumewe kwa kuunguza samaki. Hakuna aliyemtaja yeye. Aliinua pembe, akarudisha. Vidole vikafa ganzi. Akatamani kulala tu, yaishe.

Ndipo sauti ya Hulda ikatoka, ikihema.

"Mdogo wangu, nimefika mjini. Wanakuja. Usijisumbue kujibu, tunza pumzi. Inua pembe."

Umbea ukakoma. Kisha watu wa mjini wakaanza, mmoja baada ya mwingine, bila kujua kama anasikia.

"Inua, Boas."

"Inua, we mkaidi!"

Hata yule mwunguza samaki alimwita. Boas alilia, akainua, mpaka ngurumo za pikipiki zilipoifunika redio.

Alipona, akabaki na kovu. Siku hizi redio yake haizimwi. Kimya kikizidi, yeye ndiye huibonyeza na kuuliza nani ameunguza samaki leo.