Figo ya Pili ya Cassilde

Risasi ilipasua kioo cha pikipiki. Divine hakuinama. Hasira ilimsahaulisha woga.

Land Cruiser ya Bertin, mwuza figo, ilitimua vumbi mbele yake, kutoka Lweba kwenda Baraka, mchana kweupe. Divine, jasusi wa serikali, akachomoa bastola.

Paa! Paa!

Tairi likapasuka. Gari likabiringika, likalala chali ndani ya shamba la muhogo.

Simu ya sikioni ikalia. Alphonse, mkubwa wake.

"Usiue Bertin. Ni ye tu anajua kwenye Cassilde iko."

"Sawa, chef. Nitamuvunja kidogo tu."

Cassilde alikuwa mkimbizi wa kambi ya Lusenda. Bertin na genge lake, washenzi hao, walimwahidi kazi ya kupika, wakamlaza eti kwa kipimo, wakamtoa figo moja.

Bertin alitambaa, uso damu tupu, kisanduku cha barafu kifuani. Divine alimkanyaga mkono. Kidole kikalia ko!

"Unapeleka wapi figo ya batu?"

"Yeee, mama! Mununuzi ameikatala, yeye iko Ubwari, ngambo ya ziwa! Boti ilizimika kwa ziwa, tukakawia masaa makumi ine. Muganga wake anasema imekaa sana kwa barafu. Damu ikirudi ndani, oksijeni itaiunguza, itakufa."

"Na ulikuwa unakimbilia wapi?"

Divine akavunja kidole cha pili.

"Anataka ile ingine! Daktari wetu Lionel iko anaitoa sasa hivi! Baraka, nyumba ya bati ya kijani, nyuma ya soko!"

Binadamu hana figo tatu.

"Chef, mununuzi iko Ubwari," akasema kwenye simu ya sikioni.

"Boti yetu iko ziwani tayari, batatafuta nyumba yake. Weye kimbilia Cassilde!"

Alimfunga Bertin kwenye gari, akaruka juu ya pikipiki.

Mlinzi wa nyumba ya kijani aliinua AK. Divine alimwahi, risasi mbili za kifua. Akapiga mlango teke.

Daktari Lionel aligeuka, kisu kikiwa juu ya ubavu wa Cassilde.

"Ukisogea, nata..."

Risasi ilimtoboa kiganja. Ya pili, goti. Akaanguka akilia kama mtoto.

Cassilde, dawa ya usingizi haijamkolea, alifumbua macho.

"Dada, ile yangu mutairudisha?"

Divine alitamani kudanganya.

"Hapana, dada. Ile imeharibika. Lakini hii imebakia ni yako, hakuna muntu ataigusa."

Cassilde akalia. Divine akamshika mkono.

Alphonse akanong'ona sikioni, "Benzetu bako kwa mulango ya mununuzi," na papo hapo simu ya Lionel ikaita mezani. Divine akaipokea.

"Figo iko wapi?" sauti nzito ikauliza.

"Kwa mwenyewe. Fungua mulango, bageni yako bamefika."

Kupitia simu, mlango wa Ubwari ukasikika ukivunjwa. Mayowe. Risasi tatu.

Divine alikata simu, akamfunika Cassilde kitenge, akatoka kuita ambulansi.