Baba Hiruni wa Anuradhapura

"Baba Hiruni! Leo hukuja na Wazungu?"

Champika aligeuka kumtafuta huyo Baba Hiruni. Nyuma yao hapakuwa na mtu, ila mbwa aliyelala kivulini mwa kibanda cha maua. Mumewe Upul ndiye aliyekuwa ameinama, anahangaika kuvua viatu, na viatu vyenyewe ni ndala.

"Hiruni hajambo?" aliendelea yule mama muuza maua, huku vidole vikikunja petali za yungiyungi bila kuzitazama. "Meno ya mbele yameshaota? Safari iliyopita uliniambia ni kibogoyo kama mimi."

"Hajambo, Mama Gunawathi," Upul alijibu kwa sauti ndogo. "Nipe kama kawaida."

"Na huyu dada ni mgeni wako?"

Upul akainamia tena ndala zake. Champika akamsaidia.

"Ndiyo, mama. Mimi ni mgeni wake."

Champika na Upul walikuwa na miaka kumi na miwili ya ndoa na hawakuwa na mtoto. Hapakuwa na Hiruni nyumbani kwao Kurunegala, wala meno ya Hiruni.

Simu ikatetemeka mkobani. Ujumbe wa dada yake, Nilmini: "Umeshamwambia?"

Akajibu: "Bado. Leo hii hii."

Cha kumwambia kilikuwa kifupi: naondoka. Begi kubwa lilikuwa tayari chini ya kitanda. Nilmini alikuwa amempatia kazi ya ushonaji mjini Galle na chumba cha kulala, na Jumatatu alitakiwa awe huko. Upul hakuwa mpigaji wala mlevi, tusimsingizie. Champika alichoka tu. Alichoka kuishi na dereva wa watalii anayefika nyumbani maneno yote yamekwisha, yameliwa na Wajerumani njiani. Mumewe aliposema watalii ni wachache msimu huu, twende mimi na wewe, nikutembeze kama nilivyokuahidi, alikubali. Alitaka kuaga kwa heshima.

Na ziara yenyewe ilikuwa ya kuchosha. Kule Sigiriya, Upul alisimama chini ya mwamba akaanza kwa ile sauti yake ya kazini: "Mfalme alijenga kasri huko juu kwa sababu ya hofu..."

"Upul, ni mimi. Usinihutubie."

Akanyamaza hadi Polonnaruwa. Huko, mbele ya Buddha wa jiwe aliyelala, Champika alijaribu tena.

"Huchoki kuja hapa kila wiki?"

"Nachoka."

"Sasa?"

"Ndiyo kazi."

Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao marefu kuliko yote, mpaka walipofika kwa huyu mama wa maua.

Walipanda wakiwa peku hadi kwenye ukuta uliochongwa tembo, na kuba jeupe la hekalu la Ruwanwelisaya likawaka machoni. Jiwe lilikuwa la moto. Champika hakulisikia.

"Mama yake ni nani?"

"Tuweke maua kwanza."

"Maua yatangoja! Mama yake Hiruni ni nani? Anaishi mji huu? Ndiyo maana kila safari lazima ulale Anuradhapura?"

"Wageni ndio hutaka kulala hapa, Champika."

"Usinifanye mtoto." Akachomoa kibanio cha nywele mkobani, chekundu, cha kipepeo. "Nilikiokota garini mwako. Ulisema kimesahauliwa na mtoto wa Wafaransa."

"Nilikudanganya."

"Cha nani?"

"Cha Hiruni. Mama Gunawathi alimzawadia alipoanza shule."

"Ana miaka mingapi?"

"Minane."

Champika akahesabu, na hesabu ikampiga kifuani. Ni mwaka ule ule aliolala hospitalini mikono mitupu, maziwa yakimlowesha na hakuna wa kuyanyonya.

"Mimi nalia wodini, wewe unazaa nje!"

Watu waliovaa meupe waligeuka. Bibi mmoja akaweka kidole mdomoni. Champika hakumjali.

"Mama yake ni wewe," Upul alisema.

"Nini?"

"Sina mtoto mwingine. Ni yule wetu."

Champika akakaa chini pale pale. Upul naye akakaa, sinia la maua kati yao.

"Nilikuja hapa na wageni muda mfupi tu baada ya kumzika," alisema. "Mama Gunawathi akaniuliza, maua ni ya nani? Nikasema ya binti yangu. Akauliza jina. Nikasema Hiruni, nilikuwa nimeshamchagulia moyoni. Hapo nilipaswa kusema amekufa. Mdomo ukakataa. Safari iliyofuata akauliza, ameanza kukaa? Nikasema ameanza. Basi, akaendelea kukua."

"Akaendelea kukua," Champika alirudia.

"Ndiyo. Akatembea. Akaugua tetekuwanga. Akaanza shule."

Champika alicheka kicheko kibaya, kisha kikageuka.

"Umemlea peke yako! Mama yangu alinikataza nisimtaje, na wewe ukanyamaza. Nikasema moyoni, huyu mwanamume amesahau. Miaka minane namchukia mtu kwa kusahau, kumbe ana mtoto wake huku anaota meno, na mimi mama mtu sina habari!"

"Nisamehe."

"Ungekuwa na mwanamke ningejua la kufanya, Upul. Hili nilifanyeje?"

"Nilichoka." Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Nyumbani alikuwa amekufa. Hapa alikuwa anakwenda shule. Nikirudi kwako, habari zote nilizo nazo ni za huku. Ningekwambia ipi?"

Kundi la mahujaji likapita, likiimba sala kwa sauti za uchovu wa safari.

"Ulimwona?" Champika aliuliza ghafla. "Mimi walinikatalia, wakasema mama asimwangalie. Wewe ulimpokea kwa nesi. Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Alifanana na nani?"

Hili ndilo swali alilolala nalo miaka yote, na hakuwahi kumuuliza mtu.

"Nywele nyingi, nyeusi, zimemlalia hadi masikioni," Upul alisema taratibu. "Kidevu chako. Vidole vya mguu ni vyangu. Hiki kidogo kilikuwa kimempanda mwenzake."

Champika akautazama mguu wa mumewe, peku juu ya jiwe. Kidole kidogo kilikuwa kimempanda mwenzake. Miaka kumi na miwili ameishi na mguu huo, na leo ndiyo mara ya kwanza kuuona. Akakifunika kwa kiganja chake, akalia hadi akaridhika.

Alipoweza kusema tena, sauti yake ilikuwa nyingine.

"Na thawabu? Umewahi kumpelekea thawabu?"

"Thawabu hupelekewa wafu."

"Ndiyo maana nakuuliza."

"Hapana. Nimekuwa nikimwombea afya."

"Miaka minane! Kila mfu wa mtaani kwetu amelishiwa watawa na kumiminiwa maji ya kumfikishia thawabu, mtoto wetu peke yake hana hata tone."

"Kummiminia ni kukubali, Champika. Na birika la maji hayo hushikwa na wote wenye msiba. Sikuweza kulishika peke yangu."

"Ulidhani mimi ningeweza?" Akavuta pumzi. "Upul, nilikuja kukuaga. Jumatatu nakwenda Galle kwa dada."

"Najua. Nililiona begi."

"Uliliona, ukanyamaza?"

"Nilisema nikulete hapa kwanza, nikwambie yote. Nguvu zikaniishia pale kwenye ndala."

Champika hakutaka kucheka, lakini pumzi ilimtoka puani kama kicheko.

Waliyaweka maua wote wawili, bega kwa bega. Hawakuomba afya ya mtu. Waliposhuka, Champika alikwenda moja kwa moja kibandani.

"Mama, nimekudanganya. Mimi si mgeni. Mimi ndiye mama yake Hiruni."

"Ee! Nami nikasema kidevu hicho si cha mgeni kwa namna huyu alivyonisimulia cha mwanawe!" Mama Gunawathi alicheka kwa ufizi. "Mbona hamkuja naye?"

Champika akamtazama mumewe, akangoja. Hilo halikuwa lake kulisema.

"Hayupo, mama," Upul alisema. "Alikufa siku aliyozaliwa."

Vidole vya yule mama vikasimama juu ya ua. Upul akainamisha kichwa akingoja kutukanwa.

"Nami nimekuwa nikimwombea mitihani," alisema Mama Gunawathi. Akaokota yungiyungi moja jeupe ambalo halijakunjwa, akamkabidhi Champika kwa mikono miwili. "Hili silipwi. Siku mkimfanyia sadaka, mnitajie na mimi."

Garini, Champika alikibana kile kipepeo chekundu kwenye pazia la dirisha, mahali pa kuonekana. Simu ikaita.

"Umemwambia?" Nilmini aliuliza hata kabla ya salamu.

"Nimemwambia, dada."

"Amesemaje? Amepiga kelele?"

"Kelele nilipiga mimi."

"Vizuri! Basi Jumatatu nakungoja stendi."

"Begi sijui, dada. Sijalifungua, wala sitakudanganya kwamba yamekwisha. Nimechoka na yeye amechoka. Lakini Jumatatu siji. Njoo wewe. Tunalisha watawa, tunammiminia mtoto maji. Mama mkubwa wake hawezi kukosekana."

"Mtoto gani?"

"Hiruni."

Upul, mikono kwenye usukani, hakuwasha gari.

"Ndiyo jina lake?" Nilmini aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepasuka. "Miaka yote hii sikuwa na jina la kumlilia."

"Ndiyo jina lake, dada," Champika alisema. "Alipewa na baba yake."