Kiti cha Rubani Carlyon

Theluji ilianguka juu ya shamba la akina Dowse, ikafunika paa la banda, ua, gari na hata kamba ya kuanikia nguo. Juu ya kile chumba cha rubani haikushika. Glenys aliliona hilo asubuhi alipokwenda kumwaga maganda ya viazi. Pua ya ndege ya kivita, iliyokatwa nyuma tu ya kiti, ilikuwa imekaa juu ya trela kama kichwa cha samaki, kavu kabisa, na hewa juu yake ilikuwa ikitetemeka kama hewa ya juu ya jiko.

"Royston! Umewasha nini humo ndani?"

"Niwashe nini, mke wangu? Hata waya mmoja sijaunga."

Royston Dowse alikuwa fundi matrekta aliyestaafu, na katika sehemu ile ya Lincolnshire wazee wa rika lake hununua mabaki ya ndege za jeshi kama wengine wanavyofuga njiwa. Chumba hiki alikipata mnadani. Kilipotajwa, wanaume ambao huwa wako tayari kutoana macho kwa ajili ya kipimo kimoja tu cha ndege walitazama viatu vyao, na hakuna aliyenyanyua mkono ila yeye. Alirudi akipiga mbinja.

"Wamekuogopa, au wamekiogopa?" aliuliza Nev Sleight, rafiki yake aliyemsaidia kukivuta.

"Wivu tu huo, Nev. Shika kamba."

Wakakiingiza bandani, wakaanza kazi. Royston aliparua rangi, akanyoosha mabati, akasafisha vipimo kimoja kimoja kwa mswaki. Kilichomsumbua ni mchanga. Kila alipofagia chini ya kiti alikuta mwingine, mwekundu, laini kama unga, na ulinuka nywele zilizoungua na tope la kisima cha kale. Ndege ile ilikuwa imepigana vita vya jangwani zaidi ya miaka thelathini iliyopita, kwa hiyo mchanga haukumshangaza. Kilichomshangaza ni kwamba haukwisha.

"Umenunua ndege au umenunua ufukwe?" Nev alimtania. "Tukodishe viti, tuuze aiskrimu."

Chini ya rangi lilitokea jina la rubani aliyeirusha vitani, Carlyon. Wenzao wa mambo ya ndege walimfahamu. Alikuwa hai, anaishi upande wa York, na aliposikia alipiga simu kwa furaha akasema kikikamilika atakuja kukiona.

Siku Royston alipounga umeme, taa za kijani ziliwaka moja baada ya nyingine, naye akacheka kama mtoto. Alikaa kitini, akajifunga mikanda, akashika mpini wa kuongozea ndege. Kwenye mpini ule kulikuwa na kitufe chekundu cha kuangushia mabomu. Akakibonyeza, kwa mchezo tu.

Nev, aliyekuwa amesimama ngazini ameweka mkono kwenye ukingo, alisikia mtu akivuta pumzi nyuma ya kiti, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila bati. Hakuwahi hata kugeuka. Kifuniko cha kioo, kilichokuwa kimeegemezwa kwa nondo nene, kiliipinda ile nondo kama waya na kumwangukia mkononi kwa kishindo, na vidole vitatu vikabaki ndani huku yeye akianguka nje akipiga mayowe. Ndani ya kioo, Royston hakugeuza hata shingo. Alikuwa akitazama mbele, ametabasamu, na damu ya rafiki yake ikimtiririkia begani.

Tangu siku ile hakuwa mtu yule. Hakwenda kumtazama Nev. Alikunywa maji mpaka akatapika, akanywa tena. Glenys alipomgusa shingo, mkono wake ulirudi umebabuka.

Jumapili mchana Glenys alikuwa akikata nyama ya kuoka. Royston aliweka uma chini taratibu, akasema maneno ambayo mkewe hakuyaelewa, kwa sauti ya mwanamke, na kabla Glenys hajauliza alikwisha kumshika koo, akampigisha kichwa kwenye kabati la vyombo mara moja, mara mbili, sahani zikawamwagikia wote wawili, akamnyanyua juu sakafu ikawa mbali na miguu yake, huku sauti ile ngeni ikirudia neno lile lile, ikirudia na kulia, ikilia hasa, kama mtu aliyefiwa. Glenys alipapasa nyuma yake, akapata sufuria ya chuma, akampiga nayo sikioni kwa nguvu zake zote. Wote wawili walipelekwa hospitali ya Lincoln.

Huko Royston alifungwa kitandani kwa mikanda, akawa anabwata mchana kutwa. Madaktari walisema ni kichwa kimepata mtikisiko. Lakini upande wa pili wa pazia alikuwapo Sheikh Muqbil, mzee Myemeni wa Sheffield, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatembelea wagonjwa Waislamu. Alisimama akasikiliza. Kisha akasogeza pazia kidogo.

"Samahani, mama. Mumeo alijifunza wapi Kiarabu?"

"Mume wangu? Hata Kifaransa cha kuombea mkate hana."

"Basi anayesema si yeye, ni jini." Sheikh alishusha sauti. "Anasema, 'Nirudishieni wanangu.' Analirudia hilo tu."

Glenys alimwangalia, shingo yake bado ina alama za vidole. Hakuwa mtu wa kanisani wala wa mizimu. "Unaweza kumtoa?" akauliza.

"Nitajaribu. Hapa hawataniruhusu. Akirudi nyumbani, niite."

Royston aliporuhusiwa, amelewa dawa, Sheikh alikuja. Alimtaka akae bandani karibu na kile chumba cha rubani, akamfunga kwenye kiti cha mbao kwa kamba za kuvutia magari, akaanza kumsomea aya za Kurani. Mwanzoni hapakutokea kitu. Halafu taa za kijani ziliwaka zenyewe, ingawa waya ulikuwa umeng'olewa.

"Wewe nani?" Sheikh aliuliza kwa Kiarabu.

"Mama," ilijibu ile sauti kinywani mwa Royston.

"Umetoka wapi?"

"Kisimani. Kisima kikavu nyuma ya nyumba isiyokaliwa. Wanangu watatu walikuwa wamelala. Likaja jiwe la moto kutoka juu. Nikalirukia lile dude lililolitupa, nikaling'ang'ania tumboni. Nilikuwa nausubiri ule mkono ubonyeze tena. Umebonyeza."

"Huu si mkono ule. Huyu ni fundi tu. Mwachie, kwa amri ya Mwenyezi Mungu."

"Basi nileteeni mwenye mkono."

"Hatubadilishani watu," alisema Sheikh, akaendelea kusoma, sauti juu zaidi, na yule jini akapigana, akamrusha Royston na kiti chake hewani akambwaga, akamrusha tena akambwaga, mfupa mweupe wa mkono ukatoka nje ya ngozi, spana zikaruka ukutani kama ndege waliokurupushwa, moja ikampasua Sheikh paji la uso, naye akasoma huku damu ikimwingia machoni, akasoma mpaka pumzi ikamwisha akapiga magoti. Ile sauti ikanyamaza. Sheikh alijifuta uso kwa kilemba.

"Nimemlegeza tu," alimwambia Glenys. "Nguvu zangu peke yangu hazitoshi. Nitarudi na wenzangu. Msiguse kile kiti, na wala msimpe anachotaka. Umenisikia, mama?"

"Nimekusikia."

Lakini Sheikh alipokuwa bado Sheffield akitafuta wenzake, Royston alianza kujitafuna midomo. Glenys alimkuta chumbani mwao juu ameipasua kwa meno yake mwenyewe, bandeji za mkono amezifungua, akipigapiga mfupa ukutani na kucheka kwa sauti ya yule mama. Glenys alishuka sebuleni, akaketi, mikono imetulia mapajani. Kisha akampigia simu Carlyon.

"Kiko tayari," alisema. "Karibu uje ukione."

Carlyon alifika na fimbo yake na keki ya limau kwenye boksi. Alikuwa mzee msafi, mchangamfu, mwenye masikio makubwa. Alimbusu Glenys shavuni.

"Na bwana yuko wapi?"

"Anaumwa. Amelala juu."

Walitembea kuelekea bandani. Carlyon alisimama mlangoni, machozi yakamlengalenga.

"Bibi huyu wa chuma alinirudisha nyumbani kila mara," alisema. "Unajua, dada, wenzangu wengine hawalali hata leo kwa waliyoyafanya kule. Mimi nalala. Mabomu yangu niliyaangusha mahali pamoja tu, nyumba mbovu na kisima. Walituambia ni ghala la silaha. Baadaye tukaambiwa hapakuwa na kitu wala mtu. Sikuua kiumbe hata kimoja. Namshukuru Mungu kwa hilo."

Glenys alifungua mdomo. Alitaka kumwambia arudi, aache hata keki, akimbie. Kutoka dirisha la juu mumewe alipiga yowe moja refu. Glenys akafunga mdomo.

"Naweza kukaa?" aliuliza mzee.

"Kaa," alisema Glenys.

Alimshika hata kiwiko alipopanda ngazi. Carlyon alijiingiza kitini polepole, akashusha pumzi, akashika mpini. Mikanda ilijifunga yenyewe. Alidhani ni utundu wa Royston, akacheka. Kisha ikamkaza. Kifuniko kikashuka, na kupitia kioo Glenys aliona kicheko kile kikigeuka, akaona mikanda ikizama ndani ya koti, ikizama zaidi ya mahali ambapo kifua cha mtu kinapaswa kuishia, akasikia mbavu zikivunjika moja moja kama kuni, na mchanga mwekundu ukapanda kutoka miguuni mwake ukamfika kiunoni, ukamfika kidevuni, ukaingia kinywani alichokifungua kuita, na ngumi zake za kizee zikigonga kioo, zikigonga, zikigonga, hadi kioo kikawa chekundu na hakuonekana tena.

Ndani ya nyumba Royston aliita kwa sauti yake mwenyewe. "Glenys? Mbona mkono unaniuma hivi?"

Daktari alisema mikanda mibovu, moyo mchovu, ajali. Polisi walikifunga kile chumba kwa utepe, kisha wakaufungua. Royston hakukumbuka lolote. Sheikh alipofika na wenzake, Glenys alimwambia ukweli wote bila kulia.

"Umemlisha," alisema Sheikh. "Alipoteza watatu. Umempa mmoja."

Walikuwa bado wamesimama jikoni gari lilipoingia uani. Alikuwa Tamsin, binti wa Carlyon.

"Nisameheni, sikupiga simu," alisema mlangoni. "Nilitaka kuwashukuru. Siku ya mwisho ya baba ilikuwa ya furaha. Na wanangu wanataka kukaa kwenye kiti cha babu yao."

"Wako wapi?" aliuliza Glenys.

"Wameshatangulia."

Glenys alimsukuma akapita. Alikimbia kama hajawahi kukimbia tangu usichana, Sheikh nyuma yake akipiga kelele kwa Kiarabu. Taa za kijani zilikuwa zinawaka. Mtoto mdogo alikuwa kwenye ngazi, na dada yake alikwisha kuingiza mguu mmoja ndani. Glenys alimkamata nywele, akamtupa sakafuni, akamburuta na yule mdogo, kisha, kwa kuwa kiti ni kimoja na aliona mikanda ikijinyoosha kumtafuta mtu, akaruka akakaa yeye.

"Mimi ndiye niliyemleta," alisema. "Kaa na mimi. Wale waache."

Kifuniko kilishuka. Akina Sheikh walipokivunja kwa nyundo walimkuta hai, macho wazi, mchanga umemfika magotini, na mkanda mmoja umemkata bega hadi mfupa. Kiti kilikuwa kimepoa. Siku ile ile Royston, kwa mkono wake mmoja mzima, alikatakata kile chumba kwa moto wa kukatia chuma, akipiga kila kipande teke.

Bega la Glenys lilipopona, Sheikh alifungua kitabu chake mbele yake ili amsomee. Glenys alimshika mkono, na Sheikh akauma meno kwa ule moto wa kiganja.

"Usimtoe," Glenys alinong'ona, kwa Kiingereza chake cha siku zote. "Ukimtoa anajua wanapokaa wale watoto."

Sheikh alitoa mkono wake taratibu. Akafunga kitabu. Alipokuwa anavaa viatu mlangoni, alimsikia Glenys ameanza kuimba huko ndani, wimbo wa kubembelezea watoto, kwa Kiarabu kisicho na kosa, na Royston amesimama nje ya mlango wa chumba, ufunguo mkononi, akimsubiri amalize ndipo amfungie.